Kabureta Inataka Muda

Kabureta nyingi zinazotupwa Voi na katika vijiji vya Mbololo hazikufa kwa uzee. Okota moja kwenye sanduku la vyuma chakavu la fundi yeyote uitazame vizuri. Mwili wake wa aloi ni mzima, hauna ufa. Boya halijatoboka. Lakini skrubu za bakuli zimelika vichwa mpaka bisibisi haishiki, jeti ndogo imechokolewa kwa waya, na mahali pa gasketi pamepakwa silikoni nyingi hivi kwamba vipande vyake vimeingia ndani na kuziba njia zile zile zilizokuwa zikisafishwa. Majeraha hayo yote yametoka mikononi mwa watu. Miaka ya kufungua na kufunga vyombo hivi, vyangu na vya majirani, imenifikisha kwenye hoja ambayo najua baadhi ya mafundi hawataipenda: kabureta ya pikipiki huharibiwa na haraka kuliko inavyoharibiwa na uchafu, na kwa sababu hiyo mahali pake pa kuoshewa na kufungwa upya ni uani kwa mwenyewe, wala si kando ya barabara.

Haraka hiyo ina chanzo, na mafundi hawakuianzisha wao. Zamani pikipiki huku kwetu ilikuwa chombo cha afisa wa kilimo, daktari wa mifugo na padri. Serikali ilipoondoa VAT kwenye pikipiki ndogo, zile za chini ya 250cc, mwaka wa 2008 hivi, chombo hicho kikawa ajira ya vijana. Leo Boxer, TVS na zile za Kichina ambazo injini zake zimefuata umbo la Honda CG125 ya mwaka 1976 ndizo zinazopanda Wongonyi na kushuka Tausa zikiwa na abiria wawili, gunia la mahindi, mitungi ya maji, hata mabati. Vijana wengi wanaoziendesha si wenye mali. Kila jioni kuna mtu anayengoja pesa yake. Pikipiki ikizima saa nne asubuhi ni lazima iwe barabarani tena saa nne na nusu. Fundi naye analipwa kwa kazi, halipwi kwa saa, na nyuma ya huyu wa kwanza wamesimama wengine wawili. Katika hali hiyo, anayefungua kabureta polepole ataonekana hajui kazi. Kwa hiyo hufunguliwa ikiwa bado imening'inia kwenye pikipiki, bakuli linaanguka kwenye vumbi, jeti inachokolewa, inapulizwa kwa mdomo, inarudishwa. Injini ikinguruma kila mtu ameridhika, na kwa siku chache wana haki ya kuridhika.

Ili kuona kwa nini dakika hizo zinagharimu sana, lazima tukubaliane kabureta inafanya nini. Hewa inayovutwa na injini hupita kwenye koo jembamba. Hapo mwendo wake huongezeka na msukumo wake hupungua, na petroli iliyo ndani ya bakuli chini hupanda kupitia matundu madogo ya jeti na kuchanganyika nayo. Mwitaliano Giovanni Battista Venturi alieleza tabia hiyo ya vimiminika kwenye mabomba mwishoni mwa karne ya 18, kabla petroli haijawa na kazi yoyote ya maana duniani. Kinachotafutwa ni kipimo: kwa kila gramu ya petroli, takriban gramu 14.7 za hewa. Kipimo hicho hakilindwi na kompyuta wala nyaya. Kinalindwa na upana wa tundu. Jeti za kabureta za Keihin hupigwa nambari inayokaribia kipenyo cha tundu kwa sehemu za mia za milimita, yaani jeti ndogo yenye nambari 38 ina tundu la milimita 0.38 hivi. Sasa chukua uzi wa chuma kutoka kwenye waya wa klachi uliokatika, uusukume humo na kuuzungusha. Jeti ni shaba, na shaba ni laini kuliko chuma. Ukilipanua tundu hilo kwa sehemu mbili tu za mia, likawa 0.40, eneo lake limeongezeka kwa zaidi ya asilimia 10, kwa kuwa eneo hukua kwa mraba wa kipenyo. Jicho haliwezi kuona tofauti hiyo. Injini inaiona: ikisimama kwenye foleni inakokoroka, plagi inakuwa nyeusi kwa masizi, na tangi lililokuwa likimaliza siku sasa linaisha saa nane mchana. Mwendeshaji anarudi kwa fundi kulalamika, na dawa ya malalamiko ni kufunguliwa tena.

Kabla ya kufungua chochote, hata hivyo, kuna swali linalorukwa na karibu kila mtu: je, mgonjwa ni kabureta kweli? Kabureta hulaumiwa kwa makosa ya jamaa zake. Chujio la hewa likiziba kwa lile vumbi jekundu la Tsavo, ambalo hupenya hata kwenye kabati lililofungwa, injini inakosa hewa na kunywa petroli kupita kiasi, na mtu anasema kabureta imeharibika. Wengine hutatua jambo hilo kwa kulitoa chujio lenyewe, wakidai pikipiki inapata nguvu. Inachopata ni vumbi, ambalo hukwangua pistoni ya kabureta, kisha silinda. Valvu zilizokazwa mno hufanya pikipiki ikatae kuwaka asubuhi na kuzima ikiachiwa aksileta, dalili zile zile hasa za jeti ndogo iliyoziba. Gasketi iliyopasuka kati ya kabureta na injini huingiza hewa ya wizi. Na kuna mafuta yenyewe. Petroli yetu ya vijijini hununuliwa kwenye chupa zilizokuwa za maji au soda, na chini ya chupa hizo kuna mchanga na matone ya maji. Bomba kuu la mafuta kutoka Mombasa kwenda Nairobi, lililoanza kazi mwaka 1978, linapita katika kaunti hii hii na lina kituo cha pampu pale Maungu, lakini mtu wa Mraru bado ananunua nusu lita kwenye kibanda. Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa imekuwa tatizo kubwa kiasi cha serikali kuweka ushuru maalumu wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa mwaka 2018 ili kuondoa faida ya kuchanganya. Mafuta ya taa hayageuki mvuke upesi kama petroli, kwa hiyo pikipiki inawaka kwa shida ikiwa baridi na kutoa moshi. Hakuna kabureta ya kuoshwa hapo.

Ndiyo maana kazi ya nyumbani huanza bila kuitoa kabureta. Fungua skrubu ndogo iliyo chini ya bakuli, kinga petroli kwenye chupa safi ya kioo, uiache itulie. Maji yakiwamo yatajikusanya chini kama ushanga, kwa kuwa petroli ni nyepesi kuliko maji. Chembe za rangi ya kahawia ni kutu, na kutu haizaliwi kwenye kabureta; imetoka kwenye tangi, na tangi lisiposafishwa pamoja na chujio dogo lililo kwenye koki, kuosha kabureta ni kujisumbua bure. Ikiwa petroli haimwagiki kwa mfululizo, shida iko juu ya kabureta, pengine kwenye tundu la hewa la kifuniko cha tangi. Toa plagi uisome: nyeusi kavu, nyeupe, au ya rangi ya kahawia kama inavyotakiwa. Shughuli hii haichukui muda mrefu, lakini kando ya barabara hakuna anayeifanya, kwa sababu mteja anataka kuona kitu kikifunguliwa.

Tuseme basi umethibitisha. Pikipiki ilikaa miezi kadhaa bila kuendeshwa na sasa haitulii mpaka uvute choki. Toa kabureta yote, ifute nje kabla ya kuifungua, tandaza kitambaa cheupe juu ya sinia. Kila unachogusa kihesabu kabla hujakitoa. Skrubu ya mchanganyiko ikaze taratibu mpaka iguse, ukihesabu mizunguko, kwa maana hesabu hiyo ndiyo njia yako ya kurudi. Kwa kawaida ni mzunguko mmoja na nusu hadi miwili na nusu. Na usidanganywe kwamba kuikaza kuna maana moja kwenye kila kabureta. Ikiwa iko upande wa chujio, inadhibiti hewa, na kuikaza kunaongeza uzito wa petroli katika mchanganyiko. Ikiwa upande wa injini, mara nyingi inadhibiti petroli, na kuikaza kunaipunguza. Nimeona mafundi wazoefu wakibishana kwa sauti juu ya hili, kila mmoja akiwa sahihi kwa kabureta aliyoizoea. Sindano ndefu ya aksileta ina ngazi za klipu, mara nyingi tano. Tazama klipu iko ngazi ya ngapi, kwa sababu kuishusha ngazi moja kunainua sindano na kuongeza petroli kwa kila mwendo wa katikati, ambao ndio mwendo wa bodaboda siku nzima. Simu ya mkononi, ile inayolaumiwa kwa kupoteza muda wa vijana, hapa ina faida: piga picha kila hatua.

Ndani ya bakuli utaona kile ambacho petroli huacha ikizeeka. Sehemu zake nyepesi hupaa, na zile nzito hubaki zikiganda kuwa utando wa rangi ya asali iliyokolea, unaonuka kama rangi ya mafuta iliyosahauliwa kwenye kopo. Ukingoni mwa jeti kuna ukungu wa kijani, shaba ikiliwa na maji. Utando huo hauhitaji nguvu, unahitaji kulowa. Jeti na bakuli vikae ndani ya petroli safi au dawa ya kusafishia kabureta, lakini boya, gasketi na oringi za mpira viwekwe kando, kwani dawa hizo huvimbisha mpira. Kisha pitisha uzi wa nailoni wa kuvulia samaki, au unywele mmoja wa brashi ngumu, na umalizie kwa hewa. Inua jeti uitazame dhidi ya anga. Tundu safi ni duara kamili lenye ukingo mkali. Likiwa na umbo la yai au kona, mwenzako alishapita hapo na waya, na hiyo jeti ni ya kununua mpya. Usisahau vijitundu vya pembeni vya bomba lililo juu ya jeti kubwa, ambavyo huchanganya hewa na petroli kabla haijafika kooni. Hivyo ndivyo vinavyosahauliwa zaidi, na ndivyo vinavyoeleza kwa nini kabureta iliyosafishwa inaweza kuendelea kukwama mlimani.

Boya na sindano yake vinastahili uangalifu kuliko vyote, kwa sababu kosa lavyo halibaki kwenye kabureta. Ncha ya sindano hiyo, ambayo kwa kawaida ni ya mpira mgumu, ikipata mfereji wa duara kwa kugonga kiti chake miaka yote, haizibi tena. Petroli itapanda juu ya kiwango na kutoka kwa mpira wa kumwagia ulio chini ya bakuli. Hilo unaliona na kulinusa. Lakini pikipiki ikiegeshwa imeinama, petroli hiyo inaweza kuingia kwenye injini usiku kucha na kuchanganyika na oili. Ukichomoa kipimo cha oili ukakuta kiwango kimepanda na kina harufu ya petroli, usiiwashe. Oili hiyo haina tena uwezo wa kulinda chuma dhidi ya chuma. Sindano ni kitu cha pesa kidogo; kurekebisha injini iliyosagika ni pesa za karo ya mtoto.

Watakaopinga wataanza na vifaa. Nyumbani hakuna kompresa, watasema, na bila upepo wa nguvu huwezi kuzibua kitu. Pampu ya baiskeli iliyobanwa vizuri mdomoni mwa tundu inatosha kwa jeti iliyolowa muda wa kutosha, na upepo wa kompresa mara nyingi huja na maji kutoka kwenye tangi lake. Upungufu mkubwa zaidi ni bisibisi. Skrubu za kabureta nyingi ni za alama ya msalaba, na bisibisi isiyolingana nazo hula vichwa vyake mara moja. Anayetaka kufanya kazi hii anunue bisibisi moja nzuri kabla ya kununua dawa yoyote.

Pingamizi la pili nalichukua kwa uzito kuliko lile la kwanza, nalo ni moto. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa; hauendi juu ukapotea, unatambaa sakafuni kutafuta jiko. Nyumba zetu nyingi zina moto wa kuni au makaa saa zote, na hakuna kabureta yenye thamani ya nyumba. Ninaposema nyumbani, nasema uani, mchana, mbali na jiko na mbali na anayevuta sigara, watoto wakiwa kwingine, na petroli chafu isimwagwe kwenye mtaro unaoelekea shamba la mtu. Asiye na uwanja wa namna hiyo ampelekee fundi. Hapo sina ubishi.

Kuna wanaosema kwamba nawanyang'anya mafundi riziki. Fundi wa Voi hajengi nyumba kwa kusafisha kabureta. Hiyo ndiyo kazi inayomlipa kidogo na kumletea ugomvi mwingi. Kurekebisha valvu, kubadilisha klachi, kutoboa upya nyuzi za skrubu zilizokatika, kufungua giaboksi: hizo ni kazi zinazotaka zana na ujuzi ambao mimi na wewe hatuna, na mteja anayemfikia akiwa amekwisha kutazama chupa ya petroli na plagi anamwokolea fundi nusu ya kubahatisha. Nakiri pia kwamba mkono wa mwenyewe unaweza kuwa mbaya kama wa mtu mwingine. Anayeanza atakata skrubu, atapoteza klipu kwenye majani. Tofauti ni kwamba akikwama anaweza kuacha, akaenda kula, akarudi kesho yake akiwa na sinia lile lile na picha zile zile. Kando ya barabara hakuna kuacha.

Hoja yenye nguvu kuliko zote ni ya kabureta mpya. Za kuiga zinauzwa kwa bei ambayo kijana anaweza kuilipa kwa kazi ya siku chache, basi kwa nini ajisumbue? Kwa kabureta ambayo pistoni yake imelika hata inachezacheza ndani ya koo, au kiti cha sindano kimeharibika, nakubaliana nao: hakuna kuosha kutakakorudisha chuma kilichokwisha. Lakini ya kuiga haiji na uhakika kwamba jeti zake ni za injini yako. Wanaozinunua huishia kuhamisha jeti za zamani kwenye mwili mpya, na kama za zamani zilichokolewa kwa waya, ugonjwa umehama pamoja nazo. Kabureta iliyokuja na pikipiki ilipimwa pamoja na injini ile, chujio lile na ekzosi ile.

Huku kwetu kuna sababu moja zaidi ya kuheshimu kipimo cha kiwandani. Voi iko karibu mita 600 juu ya bahari, Wundanyi imepita 1,300, na njia za mlima wa Mbololo zinapanda vilevile kwa kasi. Hewa hupungua uzito kwa takriban asilimia moja kila mita 100, kwa hiyo pikipiki iliyo sawa mjini huwa na petroli nyingi kidogo kule juu: inakuwa nzito, inatoa moshi kidogo, plagi inakolea. Mwendeshaji anayeishi mlimani anamwambia fundi apunguze, fundi anabadilisha jeti kubwa au anashusha sindano, na kweli pikipiki inachangamka. Kisha inateremshwa mpaka Mombasa na mzigo, mahali penye hewa nzito na joto, na sasa petroli haitoshi. Injini inachemka, pistoni inakwama. Kwa safari za kupanda na kushuka kama zetu, dawa ni chujio safi na uvumilivu, au robo mzunguko wa skrubu ya mchanganyiko kwa anayeshinda juu tu.

Mwisho wataniambia kabureta yenyewe inaondoka. Ni kweli kwamba India, inakotengenezwa Boxer na TVS, ilikaza sheria za moshi tarehe 1 Aprili 2020, na tangu hapo pikipiki nyingi mpya za huko zinapuliza petroli kwa mfumo wa umeme. Pikipiki za betri nazo zimeanza kuonekana katika miji yetu mikubwa. Lakini Boxer zinazouzwa Kenya bado zina kabureta, na betri ya kubadilishwa inataka kituo cha kubadilishia, kitu ambacho Wongonyi haina. Pikipiki inayonunuliwa Voi leo itauzwa kwa mtu wa pili baada ya miaka michache, kisha kwa wa tatu huko mlimani, pale ambapo fundi wa karibu yuko safari ya saa nzima. Huyo wa tatu ndiye atakayelifungua bakuli na kukuta jeti kama sisi tulivyoziacha.